Jengo la Mji, Picha za Mtu: Mkataba Uje Kwanza

Kubadilisha kazi ya jengo si jambo geni Lubumbashi. Ukumbi wa tamthilia uliojengwa miaka ya 1950 leo ni makao ya Bunge la Jimbo. Kwa hiyo anayependekeza kugeuza karakana au ofisi ya kale ya zama za Union Minière, kampuni ya madini ya kikoloni, kuwa makumbusho ya sanaa ya kisasa, ya mkusanyo wa mtu binafsi, haombi maajabu. Michoro yenyewe ipo. Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa mwaka 1946 karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar: Bela akipaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akijaza picha nzima kwa vistari vifupi vilivyobanana. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii, Kongo, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na msururu wake unaojulikana zaidi uko Amsterdam. Swali langu basi si kama tuna cha kutundika ukutani. Nauliza mji utabaki na nini siku mwenye picha atakapobadili nia, na nashikilia kwamba jibu liandikwe kabla fundi hajagusa tofali.

Nairobi inatufundisha kwa pande zote mbili. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, aliiuzia serikali mkusanyo wake na pia nyumba yake ya Muthaiga, kwa makubaliano kwamba pale pajengwe taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikujengwa, kiwanja kiligawiwa wengine na nyumba ikabomolewa. Vitabu na vitu vyake vya sanaa vimesalimika ndani ya majengo mawili ya kale: lililokuwa benki, ambalo sasa ni Nyaraka za Taifa, na ofisi ya mkuu wa jimbo ya mwaka 1913, ambako watu walikuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo. Kilichookoka ni kile kilichoingia mikononi mwa taasisi yenye watunzaji na daftari la mali. Kilichoachwa kwenye ahadi kilipotea, tena aliyeahidi alikuwa serikali, si tajiri mkorofi. Mkataba ninaoutaka, kwa hiyo, uzifunge pande zote.

Cape Town walitoboa mapipa 42 ya ghala la nafaka la miaka ya 1920 wakapata makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2017. Kazi ya kustaajabisha, lakini mkusanyo wa mfanyabiashara Jochen Zeitz, ulioyapa makumbusho hayo jina, umeingia kwa kuazimishwa, kwa hiyo unaweza kuondoka. Kwa upande wa jengo, mfano wa Ouidah, Benin, unatufaa zaidi. Taasisi ya sanaa ya Fondation Zinsou ilichukua Villa Ajavon, nyumba ya mwaka 1922, ikafungua makumbusho mwaka 2013 bila kujenga mnara wa fahari.

Wapo watakaosema masharti yatawafukuza wenye mali. Sidhani. Picha iliyotundikwa ndani ya jengo lenye historia hupanda hadhi, na bei pia, kwa hiyo mwenye picha anapokea kitu kikubwa kutoka kwa mji na anaweza kulipa kwa kuacha sehemu ya mkusanyo moja kwa moja. Pingamizi zito zaidi linatoka Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini, wanakoishi watu kando ya mgodi wa shaba: kwa nini picha kabla ya maji na shule? Hapo nakubaliana nao kabisa. Sheria ya Madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani na migodi, na fedha hiyo isiguswe hata kwa kununua fremu moja. Tajiri anayetaka jengo alipe ukarabati, alipe paa lisilovuja masika na madirisha yanayozuia vumbi la kiangazi, kisha ataje kwa majina, ndani ya hati iliyosajiliwa, picha ambazo hazitatoka Lubumbashi hata yeye akiondoka.