Bei ya Chumba, Bei ya Mvua: Nyumba za Kupangisha Kabianga na Hatari za Hali ya Hewa



1. Utangulizi

Tangu Chuo Kikuu cha Kabianga kipewe hati ya kujitegemea mwaka 2013, mashamba yanayokizunguka yamepata zao la pili baada ya majani chai, nalo ni wapangaji. Bonasi ya chai ikiingia, mkulima hununua mabati na mawe ya kujengea. Hoja yangu ni kwamba soko hili hupanga kodi kwa kupima umbali wa chumba hadi lango la chuo, wala halipimi paa na mtaro wa maji.

2. Soko lilivyo

Wanaohitaji nyumba zaidi ni wanafunzi, na wanachotaka ni chumba kimoja au bedsita. Wakati wa likizo vyumba hukaa vitupu. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, aliyejenga kwa mkopo aliendelea kudaiwa ilhali kodi imekatika. Kwa hiyo mwenye nyumba hubana gharama, na anapobania kwanza ni pale mpangaji asipopaona: unene wa bati na njia ya maji.

3. Hatari zenyewe

Kericho, iliko Kabianga, na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1970 ndege zilirushwa hapa kutawanya kemikali mawinguni ili kuyaokoa majani chai. Nyumba hazikulengwa na ulinzi huo.

Tazama mawe yanavyoiharibu nyumba. Hurundikana kwenye mfereji wa paa na kuziba bomba la kuteremshia maji. Maji hurudi nyuma chini ya bati, yakaingia darini. Dari huvimba, rangi hubanduka, nyaya za umeme zikalowa. Nyuma ya nyumba, kilima kilichochongwa ili kupata kiwanja humwaga maji ukutani mwa vyumba vya mwisho. Vyumba hivyo hunuka ukungu, lakini kodi yake ni ile ile.

4. Mapendekezo

Kwanza, anayenunua ploti aikague Aprili, mvua ikinyesha, si Januari kukiwa kukavu.

Pili, Sacco zisitoe mkopo wa ujenzi kabla ya kuona mchoro wa mitaro na ukuta wa kuzuia udongo.

Tatu, kaunti itumie Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 ipasavyo: kibali kisitolewe kabla mkaguzi hajafika kwenye mteremko. Kando ya mito, mita 6 hadi 30 za hifadhi zipimwe kwanza, msingi uchimbwe baadaye.

Nne, mpangaji aulize kuhusu paa kabla ya kulipa amana.

5. Hitimisho

Bati nene na mtaro wa zege ni gharama ya mara moja. Ukarabati hurudi kila msimu. Wenye nyumba wa Kabianga, ihesabuni mvua kabla ya kumwita fundi.