Fuata Njia ya Maji: Kuchagua na Kukagua Boti ya Jeti Iliyokwisha Tumika
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenipa dakika ishirini niseme juu ya boti ya jeti iliyokwisha tumika. Sababu yake wote tunaijua. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti, wenzetu wa upande ule walitoa shauri tuchange fedha, tununue boti ya kuvusha wagonjwa na akina mama wajawazito pindi maji yanapokata njia. Shauri likapita kwa kauli moja. Michango imeanza kuingia, na tayari wapo wanaotuletea picha za boti za kuuza. Mimi ni fundi wa injini za boti kwa miaka zaidi ya ishirini. Sina boti ya kuuza. Nina maneno tu, na naomba myapime kabla fedha haijatoka.

Nianze na vijana. Boti ya jeti haina propela inayoning'inia chini. Injini huzungusha pampu. Pampu hunyonya maji kupitia tundu lililoko chini ya boti, na kuyasukuma kwa nguvu yatokee nyuma kwenye nozeli. Maji yakisukumwa nyuma, boti husukumwa mbele. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, ile ile mnayoikariri usiku wa kuamkia mtihani. Aliyeifanya ifae kwa boti ndogo za mtoni ni William Hamilton, mkulima na fundi wa New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mito ya kwao ni ya kasi, maji yake ni haba na chini ni changarawe tupu, propela haikai. Mwaka 1960 boti za namna hiyo zilipanda mto Colorado wa Marekani kinyume cha mkondo, na mwaka 1977 Edmund Hillary aliongoza msafara wa boti za jeti kuupanda mto Ganges kutoka baharini.

Sasa swali la kwanza la mnunuzi halihusu boti, linahusu maji. Mto wetu una mafungu ya mchanga yanayohamahama, visiki, na viboko. Hapo jeti ina faida: ikiwa katika mwendo hupita kwenye maji ambayo propela ingevunjika, na haina visu vya kumkata mtu aliyeanguka. Lakini jeti hula mafuta zaidi, na chochote kilichomo majini itakinyonya: mchanga, majani, nyavu, mifuko ya plastiki. Kwa mtu wa Ziwa Viktoria penye magugu maji, au anayevuka maji ya kina kirefu siku zote, nitamwambia anunue injini ya kawaida ya kufunga nyuma, na ataokoa fedha. Tukikubaliana kwamba maji yetu yanataka jeti, ndipo tuendelee.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Boti mbaya hujitembeza kwa rangi mpya, viti vipya na redio. Mnunuzi wa mara ya kwanza huvutwa na injini inavyonguruma na mwili unavyong'aa. Mimi nawaambieni: acheni vyote hivyo, fuateni njia ya maji. Anzeni pale maji yanapoingia, mmalizie pale yanapotokea. Rangi huficha mengi, lakini mahali maji yanapopita hapafichiki.

Boti ikiwa juu ya trela, ingia chini yake na tochi. Tazama vyuma vinavyokinga tundu la kuingizia maji. Vikiwa vimepinda au vimekatika, jua mawe yameingia. Tazama mwili kuzunguka tundu hilo, kwa kuwa hapo ndipo mshtuko mwingi hupokelewa. Kama ni alumini, tafuta nyufa na viraka vya kuchomelea. Kama ni faiba, gonga kwa kifundo cha kidole kila shibiri. Sauti kavu ni njema. Sauti nzito iliyofifia maana yake tabaka zimeachana au mbao za ndani zimelowa. Sakafu inayobonyea chini ya mguu inasema hivyo hivyo.

Kisha mulika impela, ule moyo wa pampu. Makali ya visu vyake yawe laini. Yakiwa na mapengo kama meno ya mzee, imekula changarawe. Pima nafasi kati ya ncha za visu na pete inayoizunguka. Kila aina ina kipimo chake katika kitabu cha kiwanda, na mara nyingi ni chini ya milimita moja. Nafasi ikizidi, maji hurudi pembeni badala ya kwenda nyuma, kama klachi inayoteleza: kelele nyingi, mwendo hakuna. Mchanga ndio adui mkubwa hapa, na Rufiji ina mchanga wa kutosha. Kwa hiyo ulizeni mapema bei ya impela na pete, na vinapatikana wapi, kwa maana sisi tutavibadilisha tu, tupende tusipende.

Kutoka hapo fuata shafti mpaka kwenye beringi. Zungusha kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na betri imetolewa waya. Isikwaruze wala isicheze. Grisi au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, maana yake sili zimekufa na beringi ziko njiani kufuata. Halafu nenda nyuma kwenye nozeli. Usukani ukizungushwa, nozeli igeuke papo hapo bila ulegevu. Lile bakuli linaloshuka kurudisha maji mbele lipande na lishuke bila kukwama, kwa sababu ndiyo rivasi yenu. Kama boti imefanya kazi baharini, tazama vile vipande vya zinki vya kukinga kutu. Vikiwa vimekwisha kabisa, chumvi imeshaanza kula alumini yenyewe.

Ndipo uje kwenye injini. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko na unuse. Mvuke wa petroli ukijikusanya ndani huwaka kwa cheche moja, na feni ya kuutoa lazima ifanye kazi. Chungulia ngama: maji yenye oili yana habari ya kukueleza. Pima kompresheni ya kila silinda. Zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Wala usikubali injini ingurumishwe nchi kavu bila mpira wa maji ya kuipoza. Muuzaji anayefanya hivyo amekuonyesha alivyoitunza miaka yote.

Hayo yakipita, boti ishushwe majini, nayo ibebe uzito itakaoubeba kazini. Mwaka 2019 nililetewa boti na mwenye hoteli mmoja wa pwani, aliyeinunua kwa picha na kwa safari fupi ya watu wawili. Ilikwenda kama mshale. Siku ya kazi walipanda watu kumi, ikakataa kuinuka juu ya maji. Pete ya impela ilikuwa imelika vibaya. Kwa hiyo jazeni watu au viroba vya mchanga, kisha mtazame mita ya mizunguko. Injini ikizidi mizunguko iliyoandikwa kitabuni na mwendo ni mdogo, pampu imechoka au inanyonya hewa. Ikishindwa kuifikia, injini imechoka. Kipimo hicho kimoja kinawatenganishia magonjwa mawili, na hakina gharama ila mafuta ya nusu saa.

Karatasi nazo zikaguliwe kwa jicho lile lile. Namba ya mwili na namba ya injini zilingane na hati za umiliki na za forodha. Kwa Tanzania Bara, TASAC ndiyo inayosajili na kukagua vyombo vidogo. Nendeni kuuliza kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Asiye na hati akiwapunguzieni bei, huyo anawauzieni kesi.

Ndugu zangu, liko jambo moja linalonikosesha usingizi kuliko beringi na sili. Boti nyingi za jeti hazigeuki bila moto. Nguvu ya kugeuza ni yale maji yanayotoka kwenye nozeli. Ukiachia moto, usukani unazunguka bure na boti inaendelea mbele vile vile. Mtu aliyezoea mtumbwi wa injini akiona kisiki, mkono wake wa kwanza ni kuachia moto. Katika jeti mkono huo humpeleka kisikini moja kwa moja, akiwa na mama mjamzito nyuma yake. Kwa hiyo naomba mkutano huu uandike katika kumbukumbu zake kwamba sehemu ya mchango itengwe tangu leo kwa mambo matatu: mafunzo ya nahodha wawili wa pale pale kijijini, majaketi ya kuokolea maisha kwa kila kiti, na impela moja ya akiba. Kama fedha itakayobaki haitoshi boti nzuri, tungoje. Wenzetu wamevuka kwa mitumbwi miaka mingi. Boti mbovu yenye jina la shule yetu itawakatia tamaa kuliko kukosa boti.

Na ninyi vijana, mmesikia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza: na vimekaguliwa. Fundi anayeingia chini ya trela na tochi hafanyi kazi ya chini. Tunawahitaji. Mtakapomaliza kidato cha nne, wale mtakaopenda vyuma njooni mniulize, nitawaonyesha mahali pa kuanzia.

Ndugu Mwenyekiti, picha za boti zilizoletwa nimeziona. Ni nzuri sana. Nitakwenda kuzikagua zenyewe bila malipo, mjumbe mmoja wa kamati akiwa pamoja nami, na taarifa yangu mtaipata kwa maandishi. Hadi siku hiyo, naomba mweka hazina asitoe hata shilingi ya arubuni.