Diwani akistaafu anakwenda wapi?



Juma hili nataka tuzungumze habari za mtu ambaye kwa miaka mitano, au kumi, au hata ishirini, mlango wake haukupata kufungwa. Amegongewa saa tisa ya usiku kwa sababu kuna mama mjamzito na hakuna usafiri. Ameitwa msibani, akatoa ubani. Kesho yake ameitwa harusini, akatoa mchango. Keshokutwa bomba la maji limepasuka, akaulizwa yeye kana kwamba ndiye fundi. Mtu huyo ni diwani. Halafu siku moja baraza linavunjwa, uchaguzi unapita, na jina linalotangazwa ni la mwingine. Au yeye mwenyewe amesema basi, sasa miguu imechoka. Asubuhi yake amekuwa mtu kama mimi na wewe, anasubiri daladala kituoni Kinyerezi, na kondakta anamwambia, "Mzee, sogea nyuma."

Sisemi kondakta amekosea. Kila mtu asogee nyuma, gari lijae. Ninachouliza ni kama mji wetu una namna yoyote ya kumkumbuka mtu huyu baada ya kumtumia.

Kwa desturi, baraza linapofikia ukomo wake huwa kuna kuagana. Watu hupiga picha, vyeti hugawiwa, hotuba husomwa, chakula huliwa. Hata mwaka 2025, mabaraza yalipovunjwa kupisha uchaguzi mkuu wa Oktoba, mambo yalikwenda kwa desturi hiyo hiyo. Kuna kiinua mgongo pia, ingawa ukikiweka karibu na kile cha mbunge utaona aibu kukitaja. Basi, hadithi inaishia hapo. Cheti kinakwenda kutundikwa sebuleni kwa mwenyewe, mahali ambapo wanaokiona ni wajukuu wake tu.

Hapana budi tukumbuke kwamba neno lenyewe, diwani, halikuanza kuwa neno dogo. Katika miji ya Mrima, Bagamoyo na Saadani kwa mfano, karne ya 19, diwani kilikuwa cheo cha utawala, sawa na jumbe. Hakikupatikana bure, mwenye kukitaka alilipa ada na kuulisha mji. Lakini akishakipata, mji ulimjua kwa cheo chake. Na tena katika lugha yetu diwani ni mkusanyo wa mashairi ya mtu mmoja, yaliyokusanywa yasipotee. Dar es Salaam ilipata kuwa na kiongozi aliyebeba maana zote mbili kwa pamoja. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na Diwani ya Amri, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa mji huu. Alifariki mwaka 1964, na uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Lakini Sheikh Amri Abedi alikuwa pia waziri na mshairi, na watu wa namna hiyo hawasahauliki upesi. Wale madiwani waliokaa naye meza moja, wakabishana juu ya mifereji ya Kariakoo na taa za Ilala, ni nani kati yetu anayeweza kutaja watatu? Mimi nimejaribu kuwauliza watu wazima kadhaa. Walitaja mmoja mmoja, tena kwa kubishana.

Ziko sababu za usahaulifu huu, ndugu msikilizaji, na si kwamba sisi watu wa Dar es Salaam hatuna shukrani. Sababu kubwa ni kwamba nyumba ambayo ingewatunzia kumbukumbu imebomolewa mara kwa mara. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya wilaya na ya miji yakafutwa, kazi zake zikashikwa na maofisa. Taka zikalundikana mijini, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Ya wilaya yalirudi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kuzifuta serikali za mitaa kulikuwa kosa, jambo ambalo kama angepata kuanza upya asingelirudia. Ni wachache wenye madaraka waliopata kusema maneno ya aina hiyo hadharani.

Juni 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa tena, pakawekwa Tume ya Jiji chini ya Bwana Charles Keenja. Madiwani wakaenda nyumbani bila hata huo mlo wa kuagana. Tume ilifanya kazi mpaka mwaka 2000 zilipoundwa manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke, na juu yake Halmashauri mpya ya Jiji. Mwaka 2016 zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Halafu Februari 24, 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Watu wa Kinyerezi walilala wakiwa wa manispaa wakaamka wakiwa wa Jiji, na mashimo ya barabarani yakiwa pale pale walipoyaacha jana yake.

Sasa mtu aliyekuwa diwani katika mabaraza hayo, aende ofisi ipi kuulizia jina lake? Kila kuvunja na kuunda upya kuna kuhamisha mafaili, kubadilisha mihuri, kugawana meza na makabati. Yupo aliyekuwa diwani wa halmashauri ambayo leo haipo, wa kata ambayo imegawanywa, katika jimbo lililokuwa likiitwa jina jingine. Kinyerezi yenyewe imo katika jimbo la Segerea, na jimbo hilo limekuwapo tangu mwaka 2010 tu.

Na nimeitaja Kinyerezi kwa makusudi. Leo ukisema Kinyerezi, mtu wa Mwanza au Mbeya anafikiria umeme. Ndiko linakofika bomba la gesi ya Mtwara lililokamilika mwaka 2015, na ndiko iliko mitambo ya Kinyerezi I ya megawati 150, na Kinyerezi II ya megawati 240 ambayo Rais Magufuli aliizindua Aprili 2018. Lakini kabla ya mitambo ilikuwapo kata, yenye watu waliohamia kutoka mjini kufuata viwanja vya bei nafuu, wakajenga kwanza, maji na barabara vikafuata nyuma kwa kuchechemea. Mahali pa namna hiyo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambaye ni diwani, huwa na kazi isiyoonekana. Ni yeye anayebishana mpaka usiku ili eneo lililotengwa kwa shule lisigeuke kuwa viwanja vya watu. Ni yeye anayejua njia hii imepinda kwa nini, bonde lile lilikuwa la nani, na makaburi yale yalifika wapi kabla ya ukuta kujengwa.

Kisha mradi unakamilika na jiwe linawekwa. Wewe msikilizaji umekwisha kuyaona mawe haya, ya marumaru, yenye maandishi ya dhahabu. Limewekwa na Mheshimiwa fulani, tarehe fulani. Mheshimiwa huyo alikaa pale dakika arobaini, akavuta kitambaa, akapigiwa makofi, akaondoka. Diwani aliyeufuatilia mradi kwa miaka minane, akienda na kurudi Anatoglo mpaka soli ya kiatu ikaisha, alikaa safu ya pili akishika karatasi ya ratiba. Jina lake halimo kwenye jiwe. Sina ugomvi na mgeni rasmi, lakini nauliza marumaru ile ingepungua nini kama ingeongezwa mstari mmoja.

Wenzetu wa Uingereza, mwaka ule ule wa 1972 tulipokuwa sisi tunafuta mabaraza, walitunga Sheria ya Serikali za Mitaa ambayo kifungu chake cha 249 kinaliruhusu baraza kumtunuku diwani wake wa zamani jina la alderman wa heshima. Sisi labda tungesema mzee wa baraza. Masharti yake ni mepesi kuyaeleza lakini si mepesi kuyatimiza. Lazima mkutano uitishwe maalumu kwa shughuli hiyo, na lazima theluthi mbili ya wanaopiga kura wakubali. Anayetunukiwa hapati posho wala kura. Anaweza kualikwa kwenye sherehe za mji na kutajwa kwa cheo chake, basi. Gharama yake ni karatasi na wino.

Hapo Kenya mambo yamekwenda njia nyingine. Katiba ya mwaka 2010 iliweka serikali za kaunti, na mabaraza 175 ya zamani yakafikia mwisho mwaka 2013. Tangu hapo waliokuwa madiwani wametumia miaka wakipiga hodi bungeni na serikalini, wakidai kifuta jasho na pensheni, na wengine wamezeeka wakiwa bado katika foleni hiyo. Ni dai lenye uzito, kwani wapo waliotumikia vipindi vitatu na vinne. Hata hivyo mimi si shabiki wa pensheni ya kila mwezi kwa kila aliyewahi kuwa diwani. Fedha ya halmashauri inatokana na ushuru wa mama anayeuza nyanya, na mama huyo naye hana pensheni. Lakini matibabu ni jambo jingine. Mtu aliyekaa kwenye baraza miaka kumi na tano akipitisha bajeti za zahanati, asije akafika kwenye zahanati hiyo hiyo na kuambiwa aende nje akanunue mabomba ya sindano. Kadi ya bima ya afya kwa waliotumikia vipindi vitatu isingeifilisi halmashauri yoyote ya mji huu.

Kuna msikilizaji ananiuliza hapo alipo: madiwani gani hao unaotaka tuwaheshimu? Wale waliokula viwanja vya wazi? Swali hilo ni la haki kabisa. Ukitoka mjini kuja Kinyerezi kwa njia ya Tabata unapita mahali panapoitwa Dampo. Jina hilo halikutoka hewani. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka pale katikati ya watu, moshi na harufu vikawa havivumiliki, mpaka wakazi wakaipeleka mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Hata baada ya hukumu halmashauri iliendelea kuomba iongezewe muda. Kwenye baraza la wakati ule walikuwamo madiwani. Je, nani alisimama upande wa wakazi, na nani alikaa kimya? Mihutasari ya vikao ndiyo ingetujibu.

Kwa sababu hiyo napenda ule mtindo wa theluthi mbili. Heshima igawiwe kwa kuhesabu, isiwe kama pilau ya msibani ambayo kila aliyefika anapata sahani. Jina lipelekwe kwenye baraza, kazi zake zisomwe hadharani, na wananchi wa kata wapewe siku za kuleta pingamizi. Aliyehodhi kiwanja cha watoto kuchezea atajulikana hapo hapo, maana waliokuwa watoto wakati huo sasa ni watu wazima wenye midomo. Na isitazamwe rangi ya kadi. Mji huu umekuwa na madiwani wa vyama mbalimbali, na mwaka 2016 Jiji lilipata meya kutoka upinzani, Isaya Mwita wa CHADEMA. Bomba la maji halina chama.

Wapo pia ambao huwa tunawasahau hata tunapofanya juhudi ya kukumbuka, nao ni madiwani wa viti maalumu. Sheria inawapa theluthi ya nafasi, lakini kwa kuwa diwani wa namna hiyo hana kata yake peke yake, hata ofisi ya kata haina ukuta wa kumwandika. Wengi wao ndio waliohangaikia vyoo vya wasichana mashuleni na mikopo ya vikundi vya akina mama. Wakitoka, wanatoka kama waliokuja kutembea.

Mimi ningeanzia kwenye ubao. Kila ofisi ya kata, kuanzia hiyo ya Kinyerezi, iweke ubao wa mbao ya mninga wenye majina ya madiwani wake wote na miaka yao, wa kata na wa viti maalumu waliotoka humo, kama shule zinavyoandika walimu wakuu wao. Kata zilizogawanywa zirithi majina ya kata mama. Mtendaji wa kata anaweza kuianza kazi hiyo Jumatatu kwa kuwauliza wazee, wakati mihutasari inatafutwa huko ilikohamishiwa. Aifanye haraka lakini, kwani mtu aliyeingia kwenye baraza mwaka 1978 akiwa na miaka arobaini, leo anakaribia tisini, na wanaojua nani alimfuata nani hawazidi kuongezeka.