Chungu Hupimwa Jikoni

Msikilizaji, wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Wengi wetu huitumia methali hiyo kumcheka fundi viatu anayetembea peku. Wiki hii nimeifikiria upya, nikaona kwamba ndani yake mna sifa pia. Mfinyanzi yule wa kale alilia kwenye kigae kwa sababu chungu kizima kilikwenda kwa mnunuzi. Alijua chakula chake kinatoka wapi.

Wa leo je?

Juzijuzi nilikwenda kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa jijini. Katika banda la wafinyanzi nilikuta mafundi wamekizunguka chombo kimoja kirefu, chenye shingo nyembamba kama ya korongo. Huyu anasifu shingo, yule anasifu mng'aro, wanapeana mikono. Akaja bibi mmoja na kikapu chake cha ukili. Akakigonga kwa kidole, akachungulia ndani, kisha akamuuliza kijana aliyekifinyanga:

"Mwanangu, mwiko utapitia wapi?"

Kijana akajibu: "Bibi, hiki si cha kupikia. Hiki ni cha sanaa."

"Haya," akasema bibi. "Basi huyo Sanaa akija, muuzie." Akaenda banda la pili, akanunua sufuria.

Tulicheka. Lakini jioni chombo kile kilirudishwa kwenye boksi lake la majani makavu, na kijana alikuwa anakopa nauli ya kurudi nyumbani. Alisifiwa kutwa nzima, na wote waliomsifu walikuwa wauza vyungu kama yeye. Muuza vyungu hanunui chungu.

Wako wafinyanzi wasiohitaji kuambiwa haya. Kando ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi. Vyungu hivyo hupakiwa kwenye mitumbwi hadi gulio la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo husafiri hadi Mbeya na kwingineko. Gulio ni mwalimu mkali. Mama akirudi nacho chungu chake jioni, anarudi na jibu pia: mdomo ni mdogo mno, au kitako hakitulii mafigani. Safari nyingine atafinyanga tofauti.

Au tazama jiko la mkaa lenye udongo ndani, ambalo wengi wenu mnalo nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu nchini Kenya walichukua wazo kutoka Thailand, ambako jiko la namna hiyo lilikuwa na umbo la ndoo. Lakini ugali wetu husongwa kwa nguvu, na jiko lisilosimama imara litapinduka. Basi likapewa kiuno chembamba na kitako kipana. Mafundi wa bati wakatengeneza ganda la nje, na wafinyanzi wakatengeneza kikombe cha udongo cha sehemu ya juu, kinachotunza joto na kupunguza mkaa. Jiko hilo likavuka mipaka, likafika hadi Dar es Salaam. Kikombe kile hakina nakshi wala jina la fundi, na hakuna anayekipigia makofi kwenye maonyesho. Lakini kinanunuliwa, na kikichakaa kinanunuliwa kingine.

Sisemi mfinyanzi asimsikilize mwenzake. Mwenzako ndiye atakayekuambia kwamba udongo wako una changarawe, au kwamba unakimbilia kuchoma chungu kabla hakijakauka sawasawa. Mnunuzi atayajua hayo siku chungu kikipasuka na maharage yakamwagika motoni. Wala sisemi uzuri uachwe, maana mnunuzi naye ana macho. Ninachosema ni kwamba mwenzako akufundishe kazi, lakini asiwe ndiye unayemfanyia kazi.

Ndoo ya plastiki na sufuria hazikuingia majumbani mwetu kwa kuloga. Ziliingia kwa sababu ni nyepesi na hazivunjiki ovyo. Mfinyanzi anayetaka kushindana nazo hana budi kukaa na yule bibi wa kikapu, amuulize anapika nini, kwenye moto gani, kwa watu wangapi. Asipouliza, mtoto wake hatarithi ufundi huo. Atarithi boksi la majani makavu.

Nami nisijitoe. Sisi watangazaji tuna ugonjwa huohuo. Huchagua neno gumu ili mwenzetu aliye studio atikise kichwa, na huku nyumbani msikilizaji anazungusha kifungo cha redio kutafuta muziki. Kichwa kikatikiswa, na habari isifike.

Kwa hiyo, ndugu mfinyanzi, ukimaliza chungu chako kesho, usikipeleke kwanza kwa fundi mwenzio. Mpelekee jirani anayepika, umwache nacho wiki nzima, kisha urudi umuulize.

Kwaherini hadi wiki ijayo.