Katika mchezo, tusikilizane

Wandugu wa Kasongo na Kabambare, nanyi wafadhili:

Mama Micere Githae Mugo wa Kenya alitunga mashairi na michezo ya kuigiza. Mwaka 1976 aliandika na Ngugi wa Thiong'o mchezo juu ya Dedan Kimathi. Mwaka 1982 akakimbia inchi yake na mabinti wake wawili. Mashairi yake yalitaka wasikilizaji waitikie, si kunyamaza tu.

Sisi nasi tulikimbia, tukarudi. Mwenye kurudi anakuta shamba lake linalimwa na mwenye kubaki. Kwenye barza wanagombana. Basi katika mchezo, kila mmoja acheze nafasi ya mwenzake, na watu waitikie. Hapo atasikia uchungu wa mwingine.

Wafadhili, mlitupatia majembe, aksanti sana. Lakini jembe halilimi shamba lenye ugomvi. Mutusaidie na mchezo pia.