Watu Sita na Daftari la Kijiji

Hotuba ya wakili kwa semina ya wanaharakati na wajumbe wa makanisa



Niliombwa nizungumze juu ya utawala wa mashinani. Neno hilo limetumiwa na kila mwanasiasa hata likachujuka kama leso kuukuu. Kwa hiyo nimeona heri niwaeleze habari ya chombo kimoja kidogo ambacho huenda wengi wenu hamjapata kukisikia: baraza la parokia la kijiji cha Uingereza. Wanakanisa wasidhani kwamba nitasema habari ya wazee wa kanisa au ya baraza la walei. Parokia ninayoizungumzia ni ya kiraia. Iliwahi kuwa ya kanisa, naam, na jinsi ilivyotoka mikononi mwa kanisa ndiyo mwanzo wa kisa chetu.

Kabla ya mwaka 1894, mambo ya kijiji cha Uingereza yaliamuliwa katika kikao cha kanisa, na aliyekalia kiti alikuwa kasisi. Wenye mali walipiga kura kwa kadiri ya mali yao. Sheria ya 1818 ilimruhusu tajiri mmoja kupiga hadi kura sita, na mwenzake mwenye mali kidogo akapiga moja. Kibarua wa shambani hakuwa na la kusema. Waliopigania mageuzi hawakuwa maadui wa dini. Joseph Arch, aliyeanzisha chama cha vibarua wa mashamba mwaka 1872, alikuwa mkata ua wa miti na mhubiri wa Kimethodisti. Sheria ya Serikali za Mitaa ilipopita mwaka 1894, kasisi hakuwa tena mwenyekiti kwa sababu tu ya ukasisi wake, na kila mpiga kura akawa na kura moja. Wanawake, hata walioolewa, wakaruhusiwa kuchagua na kuchaguliwa katika mabaraza hayo, miaka 24 kabla ya mwanamke yeyote wa nchi ile kumchagua mbunge. Mabwana wa Baraza la Juu waliupunguza mswada huo nguvu, na hotuba ya mwisho ya Waziri Mkuu Gladstone Bungeni, akiwa na umri wa miaka 84, ilikuwa ya kuwalaumu kwa jambo hilo.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba 1894. Sasa angalieni tarehe inayofuata. Mwaka 1895 serikali hiyo hiyo ilitangaza kwamba nchi yetu ni himaya yake. Kibarua wa kwao alikuwa ndiyo kwanza amepewa haki ya kuuliza hesabu za kijiji chake. Babu zetu wakaletewa chifu wa kuteuliwa. Mabaraza ya wenyeji yalipoundwa mwaka 1924, aliyekalia kiti alikuwa Mkuu wa Wilaya. Mkoloni hakukosa ujuzi wa jinsi kijiji kinavyoweza kujitawala. Alikuwa na kielelezo nyumbani kwake, akaamua kutuletea kingine.

Je, baraza hilo hufanya kazi gani? Ukisikia utacheka. Hutunza makaburi, taa za barabarani, viwanja vya watoto na njia za miguu. Hukodisha vipande vya ardhi kwa wasio na mashamba ili wapande mboga. Mtu akiomba kibali cha kujenga, baraza hutoa maoni tu. Uamuzi ni wa halmashauri kubwa. Madiwani hawapungui watano, na wengi wao hawalipwi mshahara. Anayelipwa ni karani. Baraza hukadiria gharama zake za mwaka, kisha huiarifu halmashauri kubwa, nayo hulazimika kuzikusanya pamoja na kodi ya nyumba na kuzikabidhi. Katika karatasi ya kodi, sehemu ya parokia huandikwa kwenye mstari wake peke yake, hivyo kila mwenye nyumba hujua ni kiasi gani hasa anachotoa kwa kijiji chake.

Nilipokuwa masomoni kule niliketi nyuma ya chumba katika kikao kimoja cha namna hiyo. Palikuwa na baridi, na watazamaji tulikuwa wanne. Ajenda ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa nje siku tatu kamili kabla, kwa sababu sheria inataka hivyo. Ulipofika wakati wa wananchi kuuliza, ajuza mmoja alisimama akataka kujua kwa nini malipo ya kukata nyasi za makaburini yalikuwa yamezidi ya mwaka uliotangulia kwa pauni arobaini. Karani hakukasirika, wala hakumwuliza ametumwa na nani. Alifungua daftari, akatafuta stakabadhi, akaisoma kwa sauti: nyasi zilikatwa mara moja zaidi kwa sababu ya mvua. Ajuza akashukuru, akaketi.

Ndugu zangu, usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka baba. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi ilipotokea Saba Saba ya 1990, na huko kwetu baraza lilikuwa la chifu. Soko lilifungwa mpaka baraza limalizike. Watu waliketi juani, chifu alisema, watu walipiga makofi. Mwaka mmoja tulichangishwa fedha za josho la ng'ombe, na asiyekuwa na fedha alitoa kuku. Josho halikujengwa, wala hesabu haikusomwa. Baba alikuwa shemasi, mtu asiyejua kunong'ona. Alisimama kuuliza, akaambiwa aketi, na jioni askari wa utawala walikuja nyumbani kumwuliza yeye ni wa chama gani. Hakuuliza tena. Nimejitahidi kumlaumu kwa hilo, nimeshindwa.

Tofauti ya ajuza yule na baba haikuwa ujasiri, wala si kweli kwamba Waingereza ni watu wema kuliko sisi. Tofauti ilikuwa vifungu vya sheria, tena vidogo vya kuchosha. Mkutano mkuu wa parokia hauruhusiwi kuanza kabla ya saa kumi na mbili jioni, ili kibarua apate kutoka shambani kwanza. Hilo liliandikwa tangu 1894. Baraza lisikutane kwenye baa ikiwa pana chumba kingine kinachofaa (naona akina mama wanatikisa vichwa). Mwananchi yeyote aruhusiwe kuingia na kusikiliza: hiyo ni sheria ya 1960, na aliyeupeleka mswada wake Bungeni ni mbunge mpya aliyeitwa Margaret Thatcher. Hesabu za mwaka ziwekwe wazi kwa siku 30 za kazi, na mpiga kura aweze kumpelekea mkaguzi pingamizi lake. Kisha kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Wapiga kura sita, wasio madiwani, wasio na cheo chochote, wakitia sahihi zao na kutoa notisi, huitisha mkutano wa parokia nzima. Hawaombi ruhusa ya mtu. Kule ambako tajiri mmoja aliwahi kuwa na kura sita, sasa maskini sita wana mkutano.

Sisemi kwamba ni paradiso. Viti vingi hukosa wagombea, na madiwani wakajazia wenzao bila kura kupigwa. Mwaka 2021 filamu ya kikao cha baraza la Handforth ilizunguka dunia nzima, watu wazima wakifokeana kama watoto wa chekechea. Lakini hata fedheha ile ilijulikana kwa sababu kikao kilikuwa wazi.

Tuje nyumbani. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka 1997 leseni za mikutano ziliondolewa na sheria ya machifu ikapunguzwa makali. Mwaka 2010 tukapata Katiba inayosema mamlaka yote ni ya wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 53, inataja baraza la kijiji. Wengi wenu hamlijui, nami siwalaumu. Msimamizi wa kijiji ndiye mwenyekiti wake, naye huwateua wazee kati ya watatu na watano kwa idhini ya bunge la kaunti. Huwateua! Tumepigania kura ya rais, ya gavana, ya mwakilishi wa wadi, lakini hapo mlangoni petu, penye kisima na zahanati na daraja la miguu, tumerudishiwa mtu wa kuteuliwa. Mimi nasema kifungu hicho kibadilishwe, wazee hao wachaguliwe na wanakijiji, na hesabu zao zisomwe hadharani. Najua watakaosema uchaguzi mwingine ni gharama. Nawaomba wakadirie pia gharama ya majosho yasiyojengwa.

Hata kabla sheria haijabadilishwa, hatuko mikono mitupu. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba makabrasha ya ofisi ya umma, na afisa anapaswa kutoa uamuzi wake ndani ya siku 21. Kifungu cha 88 cha sheria ile ya kaunti kinampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti. Hapa kwetu hata mtu mmoja anatosha, lakini mmoja hutishwa kwa urahisi.

Nimekuja na rasimu ya barua. Inaomba mkataba, stakabadhi na taarifa ya maendeleo ya kisima kile cha wadi hii ambacho kila mtu hapa anakijua, na ambacho hakitoi maji. Baada ya chai, nawaomba watu sita wabaki ili tuitie sahihi. Kalamu ninayo.