Kuhesabu siku za tribinali
Maneno yaliyosemwa ku mukutano wa wanamemba, Yahuma



Wengi kati yetu tulirudi tukakuta mutu mwingine anaishi ku parseli yetu. Wengine tulikuta hata kesi imekwisha kukatwa tukiwa mbali. Leo hatutasema nani ana haki. Tutasema siku tu, juu haki inaweza kuwa yako na siku zikakupita.

Tuanze na barua ya kuitwa. Sheria ya kesi za madai, ile dekre ya tarehe 7 mwezi wa tatu 1960, inataka siku 8 nzima zipite kati ya siku umepewa barua na siku ya kusikilizwa. Siku ya barua haihesabiwe, na siku ya kusikilizwa nayo haihesabiwe. Uisie, yule mutumishi wa tribinali mwenye kuleta makaratasi, akikupa barua tarehe 3 mwezi wa sita 2024, hesabu kuanzia tarehe 4 mpaka 11. Hawawezi kukuita mbele ya tarehe 12.

Sasa musikie vizuri, juu hii inatugusa sisi watu wa Yahuma. Kwa kila kilomita 100 za njia, sheria inaongeza siku moja. Kesi ikiwa Kisangani, na tuseme njia ni kilomita 300, siku 8 zinakuwa 11. Hapo tarehe 12 ni karibu sana. Ya kwanza inayofaa ni 15, na hiyo ni siku ya posho, basi itakuwa juma linalofuata. Wakikupa tarehe fupi kuliko hiyo, usikae nyumbani ukisema barua ni mbaya. Nenda, ao tuma avoka, mukaseme mbele ya waamuzi kwamba siku hazikutosha. Mutu asiyeenda, wanaweza kumukatia kesi bila yeye.

Na wakikukatia bila wewe, kuko oposisyo: siku 15 zinazofuata siku ile umepewa hukumu mukononi. Kama hawakukupa wewe mwenyewe, labda walibandika karatasi ku mulango wa tribinali wakati ulikuwa ukimbizini, siku 15 hizo, pamoja na za njia, zinaanza kisha siku ulijua kwamba hukumu imeletwa. Ulijua lini? Hapo ndipo watu wanashindwa kujibu. Andika tarehe, na jina la mutu aliyekuambia. Kuko wenye kusema "ilikuwa kuelekea mwisho wa mvua." Tribinali haina mwezi unaoitwa mwisho wa mvua.

Rufaa, ile tunaita apeli, ina siku 30. Kama ulikuwepo ku kesi, hazianze siku waamuzi walisoma hukumu. Zinaanza kisha uisie kukuletea hukumu yenyewe. Ilisomwa mwezi wa kwanza, ikaletwa mwezi wa tano? Hesabu kutoka mwezi wa tano. Kama kesi ilikatwa bila wewe, siku 30 zinaanza wakati zile za oposisyo zimekwisha.

Tuseme ilikufikia tarehe 31 mwezi wa tano 2024. Siku ya 30 inaangukia tarehe 30 mwezi wa sita: sikukuu ya uhuru, tena siku ya Mungu. Ofisi zimefungwa. Usibishane na kalenda, peleka mbele, siku ya tano, tarehe 28. Na hata hapo umechelewa kidogo, juu rufaa inapokelewa na karani wa tribinali ya juu, naye anataka kopi ya hukumu yenye muhuri. Kuipata kopi ile kunakula siku, na kunakula franka. Rafiki zetu wanaotuuliza musaada wao uende wapi, tunawajibu bila kuzunguka: kopi za hukumu na nauli ya moto, mbele ya yote.

Mwenye barua yoyote ya tribinali, hata ya zamani, abaki kisha mukutano. Tutaandika ku daftari siku aliipokea, na tutahesabu pamoja. Picha ya ku simu haitoshi, muje na karatasi yenyewe.